Albamu Iliyolipiwa Mara Mbili

Asanteni, kaeni. Wale mlionisikia mwaka jana mnajua nakuja kusema nini: someni mkataba kabla ya kusaini, mjue kazi itakuwa ya nani, na naona wawili watatu pale nyuma wameshaanza kucheka. Chekeni. Nitaacha kulisema siku mwanamuziki atakaponiletea mkataba kabla ya kuusaini. Mpaka leo wote wanakuja wakishagombana.

Nimepewa mada ya kuchelewa kwa albamu. Mimi kuchelewa hakunitishi. Albamu si dagaa, haiozi. Ninachouliza ni hiki: wakati inachelewa, masta, yaani rekodi halisi ambayo nakala zote hutoka kwake, imelala kabatini kwa nani?

Chukueni Wilco, bendi ya roki ya Chicago, kiongozi wao Jeff Tweedy. Walikuwa chini ya Reprise, lebo, yaani kampuni ya kutoa muziki, iliyo ndani ya kampuni kubwa ya Warner. Mwaka 1999 walitoa Summerteeth. Wachambuzi wakaisifu, madukani haikutikisa. Wakajifungia kwenye ghala lao kule Chicago kutengeneza inayofuata, Yankee Hotel Foxtrot. Mambo ya ajabu ajabu: mikwaruzo ya redio, sauti ya mwanamke anayetaja maneno ya siri kwenye masafa mafupi, ngoma zinazoingia pale usipozitarajia. Katikati ya kazi wakabadilisha mpiga ngoma. Ilipokwisha, Jay Bennett, aliyekuwa mkono wa kulia wa Tweedy, naye akaondoka.

Sasa angalieni lebo. Mwaka 2001 Warner imeunganishwa na AOL, kampuni ya intaneti, watu wanapunguzwa kazi, na bosi wa Reprise aliyekuwa akiwabeba Wilco ameshaondoka. Bendi inapeleka albamu, waliobaki wanasikiliza, wanasema hapana. Nyimbo za redio ziko wapi? Rekebisheni. Bendi nayo ikasema hatugusi kitu.

Hapa ndipo ningetaka simu zenu ziwe mfukoni. Ndiyo, na wewe mwenye kofia.

Meneja wao hakwenda kulia redioni. Alikaa mezani wakakubaliana kuachana, na bendi ikatoka mlangoni na masta zake. Hilo ndilo jambo! Tarehe 18 Septemba 2001, wiki moja tu baada ya minara ya New York kuangushwa, wakaiweka albamu nzima kwenye tovuti yao, asikilize anayetaka, bure. Walipozunguka kupiga maonesho, watu wakawa wanaimba nao nyimbo ambazo hakuna duka lililokuwa nazo.

Kisha zikaja lebo, zinabisha hodi. Waliosaini nao ni Nonesuch, na albamu ikatoka tarehe 23 Aprili 2002, na ile picha ya majengo mawili ya mviringo ya Chicago, yamesimama kama magunzi ya mahindi. Na Nonesuch ni ya nani? Ya Warner! Tajiri yuleyule alitoa pesa mfuko wa kushoto kuirekodi, akaitupa, kisha akatoa pesa mfuko wa kulia kuiokota. Nimekisimulia kisa hiki labda mara hamsini na bado kinanifurahisha.

Mtu ataniambia: mzee, ukishaigawa bure, nani atanunua? Iliingia nafasi ya 13 kwenye Billboard, chati ya albamu ya Marekani, na hakuna albamu yao ya nyuma iliyokuwa imekaribia hapo. Baadaye ikapita nakala nusu milioni Marekani.

Mwingine atasema hayo ni ya Wazungu wenye mawakili. Basi sikia ya kwangu. Bendi yetu ilirekodi nyimbo sita kwenye studio moja ambayo siitaji. Pesa zikaisha, tukasema tutarudi. Tuliporudi tukaambiwa ule utepe umerekodiwa kwaya juu yake. Kwaya! Hadi leo sijui ni kwaya gani, ila naamini waliimba vizuri, kwa sababu gitaa langu lilikuwa chini yao. Hatukuwa na karatasi yoyote. Hata risiti. Ungenipa wakili bure siku ile, angeshika nini mkononi?

Na usiniambie siku hizi kuna YouTube. YouTube ni duka. Mimi nauliza shamba ni la nani.

Mshereheshaji ananionyesha saa. Nilitaka kuwaeleza vizuri habari za Boston, bendi nyingine ya roki ya Marekani, nitakimbia. Kiongozi wao Tom Scholz, mhandisi aliyesoma chuo cha teknolojia cha MIT, alirekodi sehemu kubwa ya albamu yao ya 1976 nyumbani kwake, chini ya nyumba. Ya pili ikatoka 1978. Ya tatu? 1986. Miaka minane. CBS, lebo yao, walimshitaki kwa kuchelewesha, wakazuia mirabaha yake, yaani fungu lake la mauzo, akagharimia kesi kwa kuuza kifaa cha gitaa alichokibuni mwenyewe, Rockman. Albamu ikatokea kwenye lebo nyingine, MCA, na wimbo wake wa kwanza ukashika namba moja Marekani. Lakini mwenye Rockman ni mmoja. Wewe ukizuiliwa mirabaha utauza nini, pikipiki?

Kwa hiyo kwenye mkataba tafuteni mistari miwili. Mmoja unaosema lebo ina siku ngapi za kuikubali au kuikataa kazi, na ikikataa masta zinarudi kwenu kwa bei gani. Mwingine kuhusu kuzuia malipo mkiwa na mgogoro. Kulikuwa na wa tatu, wa maeneo ya mauzo, huo tuuache, unahitaji ubao.

Nimechapa nakala ishirini za mkataba wa mfano, ziko mezani pale mlangoni, mistari hiyo nimeipigia wino mwekundu. Na kijana aliyeniuliza nje kama anaweza kunionyesha wake: ndiyo, lete hata sasa hivi. Ila uwe na kurasa zote. Wa juzi aliniletea ule wa saini peke yake.