"Hakuna Mtu Aliyetuajiri": Mhadhara juu ya Haki ya Mungu na Waliokufa Bila Kusikia Injili

Mababa na akina mama, makatekista, wainjilisti, na ninyi wanafunzi wa teolojia mliokaa nyuma, asanteni kwa kufika.

Swali la leo mnaulizwa ninyi kabla sijaulizwa mimi. Huja katika darasa la wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, mara nyingi siku ileile mnapofundisha kwamba wokovu uko kwa Kristo peke yake. Mkono unanyoshwa: "Mwalimu, na babu yangu je?" Ukiacha enzi ya Wareno pale Mombasa, Injili ilianza kuhubiriwa huku kwetu juzi tu. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Waanglikana walifika Buganda mwaka 1877, Mapadre Weupe wakafuata 1879. Bara kwingine ilichukua miaka mingi zaidi. Mtu aliyeoa, akalea, akaamua kesi za jirani zake bila kupokea rushwa, akafa mwaka 1830 huko Usukuma, hakuikataa Injili. Hakuletewa. Je, Mungu atamhukumu kwa barua ambayo haikumfikia?

Msimnyamazishe anayeuliza hivyo, wala msimwambie ana imani haba. Ibrahimu alimuuliza Mungu uso kwa uso juu ya Sodoma: "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" Mungu hakumkemea. Alimsikiliza akishusha hesabu kutoka hamsini hadi kumi.

Sasa tuliweke swali sawasawa. Chungu cha swali hili kimekaa juu ya mafiga matatu. La kwanza ni Matendo 4:12: "Wala hakuna wokovu katika mwingine awaye yote." La pili ni 1 Timotheo 2:4, kwamba Mungu hutaka watu wote waokolewe. La tatu ni Warumi 10:14: "Tena wamsikieje pasipo mhubiri?" Maana yake ni kwamba wako ambao mhubiri hakuwafikia. Karibu kila fundisho mtakalolisikia juu ya jambo hili ni jaribio la kukikalisha chungu hicho. Na fundisho linapokosea, kwa kawaida limeng'oa figa moja.

Anayeng'oa la kwanza husema dini zote ni njia moja, babu alikuwa na yake. Hapo msalaba unabaki kuwa wa watu wa upande fulani wa dunia tu. Anayelipunguza la pili ni Calvin, mwanamatengenezo wa Kiprotestanti wa karne ya 16, na waliomfuata: Mungu amewachagua baadhi tangu milele, na "watu wote" maana yake ni watu wa kila aina. Sinodi ya Dort, mkutano wa makanisa ya Kikalvini huko Uholanzi, iliyokaa kuanzia Novemba 1618 hadi Mei 1619, iliuweka msimamo huo katika kanuni. Ungamo la Westminster, la Wakalvini wa Uingereza, muongo wa 1640, likasema wazi kwamba asiyeikiri dini ya Kikristo hawezi kuokolewa hata akijitahidi vipi kuishi kwa nuru ya maumbile. Tumtendee haki Calvin: hakulisema jambo hili kwa furaha. Yeye mwenyewe aliiita amri hiyo ya Mungu, kwa Kilatini, *decretum horribile*, amri ya kutisha. Alilisema kwa sababu aliogopa tukidai wokovu ni haki yetu, neema itageuka kuwa mshahara. Hofu hiyo ni ya kweli, na nitairudia.

Figa la tatu liling'olewa na Wakristo wa Ulaya kwa karne nyingi bila wao kujua. Walidhani Injili imekwisha kufika duniani kote, hivyo asiyeamini ni aliyekataa. Tusome kauli ya kwamba nje ya Kanisa hakuna wokovu tukikumbuka jambo hilo. Askofu Cyprian wa Carthage, katika karne ya 3, alipoisema alikuwa na macho kwa waliojitenga na Kanisa wakijua wanachokifanya. Mtaguso wa Firenze, mkutano mkuu wa Kanisa, mwaka 1442 uliipanua, ukawataja wapagani na Wayahudi pia. Miaka hamsini baadaye, 1492, Columbus akavuka bahari, na wanateolojia wakatambua kwamba kuna mamilioni ya watu ambao hawakupata hata nafasi ya kukataa.

Mwanateolojia Thomas wa Akwino alikuwa ameligusa jambo hili karne ya 13, kwa mfano wa mtu aliyekulia msituni. Mtu huyo akifuata nuru ya akili yake katika kutafuta mema na kuepa mabaya, Mungu ama atamfunulia ya lazima kwa ndani, ama atamtumia mhubiri, kama alivyomtuma Petro kwa Kornelio, yule akida wa Kirumi. Kwake yeye huyo alikuwa mtu mmoja wa mfano. Baada ya 1492 akawa bara zima.

Kutoka hapo Kanisa Katoliki lilikwenda taratibu. Papa Pius IX, mwaka 1854 na tena 1863, alitamka kwamba ujinga usio wa kujitakia hauhesabiwi hatia. Mwaka 1949 Roma ilimwandikia Askofu Mkuu wa Boston kwa sababu ya padre Leonard Feeney, aliyefundisha kwamba asiye Mkatoliki kwa jina hawezi kuokoka. Feeney alikataa kwenda Roma kujieleza, akatengwa mwaka 1953. Fikirini hilo: aliyekazania kuifunga mbingu ndiye aliyejikuta nje.

Halafu likaja tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, *Lumen Gentium*, namba 16, Novemba 1964. Hapa tusimame, maana watu hulinukuu nusu. Linasema wanaweza kupata wokovu wa milele wale wasioijua Injili. Lakini hesabuni masharti yaliyomo. Kutojua kwao kusiwe kwa kosa lao. Wamtafute Mungu kwa moyo mnyofu. Wajitahidi kutenda mapenzi yake kama wanavyoyajua kwa dhamiri. Na jitihada hiyo iwe imesukumwa na neema. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa, nalo ndilo linalolitunza figa la kwanza: babu akiokoka, ameokolewa na Kristo asiyemjua jina, hakujiokoa kwa wema wake. Kisha sentensi chache mbele tamko linaonya kwamba mara nyingi watu wamedanganywa na Mwovu, wakaibadili kweli kuwa uongo. Anayelisoma hadi hapo hawezi kusema kila babu yuko mbinguni. Anasema mlango haukufungwa.

Waprotestanti wengi wa kiinjili hawafiki huko. Agano la Lausanne la 1974, tamko la viongozi wao, linakiri kwamba kila mtu ana ujuzi fulani wa Mungu kupitia maumbile, na papo hapo linakana kwamba ujuzi huo unaweza kumwokoa. Katika darasa lenu msifiche tofauti hii. Mwanafunzi akija kuigundua mwenyewe, hatawaamini tena.

Mimi naona Maandiko yenyewe yanatupa kipimo, na kipimo hicho ni nuru aliyopewa mtu. Someni Luka 12:47–48 polepole. Watumwa ni wawili. Aliyejua mapenzi ya bwana wake asiyatende "atapigwa sana". Asiyejua, naye amefanya yastahiliyo mapigo, "atapigwa kidogo". Hapo pana mambo mawili ambayo mahubiri mengi huyaacha. Asiyejua hakuachiwa tu, kwa sababu alitenda mabaya ambayo hata dhamiri ilimkataza. Na mapigo hayalingani. Mathayo 11 pia: Tiro na Sidoni zitastahimili kuliko Korazini, kwa sababu Korazini iliona miujiza. Paulo naye katika Warumi 2 anasema waliokosa pasipo sheria hawatahukumiwa kwa sheria, na dhamiri ya mtu itakuwa shahidi, ikimshitaki au hata kumtetea. Kama ni hivyo, anayesimama mahali pa hatari zaidi kuliko wote humu ukumbini ni mimi na wewe tuliobatizwa, tukasoma, tukajua.

Twende Mathayo 20, shamba la mizabibu. Msomaji wa Kiswahili hapa amependelewa, kwa sababu saa za mfano huu ni saa zetu. Mwenye shamba anatoka alfajiri, saa tatu, saa sita, saa tisa, na saa kumi na moja. Hakuna cha kugeuza. Saa kumi na moja tunaijua: jua limelegea, vivuli vimerefuka, imebaki saa moja.

Fanyeni hesabu ya vibarua hao. Wa alfajiri wamefanya saa kumi na mbili kwa dinari moja. Wa jioni wamefanya saa moja kwa dinari ileile, kwa hiyo kwa saa wamelipwa mara kumi na mbili. Kelele za wale wa kwanza zinaeleweka kwa yeyote aliyewahi kufanya kibarua. Lakini angalieni mapatano. Wa alfajiri peke yao ndio waliopatana bei. Wa saa tatu waliambiwa tu, "iliyo haki nitawapa". Mwenye shamba hakumpunja mtu: "Rafiki, sikudhulumu." Na alilipa jioni ileile, kama Kumbukumbu la Torati 24:15 linavyoagiza, kwa sababu kibarua ni maskini na moyo wake unautegemea ujira huo.

Hapa ndipo neno letu *haki* linapotuchanganya. Kwa Kiswahili neno hilo moja linabeba stahili ya mtu ("nipe haki yangu"), uadilifu wa hakimu, na kule "kuhesabiwa haki" kwa imani. Anayeuliza kama wokovu ni wa haki mara nyingi anawaza stahili, saa zangu kwa pesa zangu. Calvin aliogopa hasa jambo hilo, na alikuwa sahihi kuogopa: kwa stahili hakuna anayeipata dinari. Lakini uadilifu wa mwenye shamba unabaki pale pale. Hakuna aliyepata chini ya alichoahidiwa.

Na wale wa saa kumi na moja walipoulizwa mbona wamesimama kutwa bila kazi, walijibu: "Kwa kuwa hakuna mtu aliyetuajiri." Nisieleweke vibaya. Mfano huu haukutolewa kwa ajili ya waliokufa bila kusikia Injili, na hao wa jioni hatimaye waliitwa. Siugeuzi kuwa hati ya kuingilia mbinguni. Nasema tu jibu lao lilipokewa. Mwenye shamba hakuwaita wavivu.

Kuna jambo jingine la lugha. Waliotafsiri Biblia yetu ya Union Version walitumia *jehanum* kwa Gehena, na *kuzimu* kwa Sheoli na Hadesi. Gehena ni jina la mahali, bonde la mwana wa Hinomu kusini mwa Yerusalemu, palipochomwa watoto kama Yeremia 7:31 inavyosema. Kuzimu lina mzizi mmoja na mzimu: ni kwa waliokufa, kwa mababu. Mhubiri anayeyachanganya maneno hayo mawili anawatupa mababu motoni kwa kosa la msamiati. Halafu Mkatoliki anaposali Kanuni ya Imani ya Mitume husema Kristo "akashukia kuzimu". Sikilizeni hilo kwa masikio ya Kiswahili. Waorthodoksi wanalichora: Kristo amekanyaga milango iliyovunjika, makufuli na funguo zimetapakaa gizani, naye amemshika Adamu na Hawa, anawavuta watoke kaburini. Waraka wa kwanza wa Petro, 3:19 na 4:6, husomwa pamoja na picha hiyo, ingawa Augustino, askofu na mwalimu mkubwa wa Kanisa la kale, aliifasiri 3:19 kuwa ni Kristo akihubiri kwa Roho nyakati za Nuhu. Sijengi fundisho zima juu ya aya inayobishaniwa hivyo, lakini Kanuni ya Imani haibishaniwi.

Kuhusu watoto wachanga nitasema kwa ufupi, hasa kwa wauguzi wa wodi za wazazi. Augustino aliwapa adhabu, ingawa iliyo nyepesi kuliko zote. Zama za kati zikawatafutia limbo, mahali pasipo mateso wala kumwona Mungu, ambayo haikuwahi kuwa fundisho la lazima. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia, ya Vatikano, ilisema kuna misingi ya kutumaini kwamba wanaokolewa, na Katekisimu, namba 1261, inawakabidhi kwa huruma ya Mungu. Tumaini hilo halifuti wajibu. Mtoto akiwa katika hatari ya kufa, mtu yeyote anaweza kubatiza, hata asiyebatizwa, mradi akusudie kutenda kama Kanisa litendavyo. Maji halisi yamiminwe yatiririke kichwani huku yuleyule anayemimina akitamka: "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Makosa ni mawili: mmoja kumimina na mwingine kusema, na kusema "tunakubatiza", maneno ambayo Roma iliyatangaza kuwa batili mwaka 2020. Mtoto akiwa amekwisha kufa, habatizwi. Wazazi wake waambiwe kwamba Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni 1183, inamruhusu askofu kukubali azikwe kwa ibada ya Kanisa ikiwa walikusudia kumbatiza. Sheria ya 1917 ilikuwa imekataza. Wapo akina mama wazee hadi leo wanaobeba katazo lile moyoni. Watafuteni mkawaambie.

Mwisho, msibani. Msimtangaze marehemu asiyebatizwa kuwa yuko motoni. Hakuna kanisa lililowapa orodha. Msimtangaze mtakatifu pia, maana mnawaambia waliobaki kwamba kuhubiriwa Injili hakukuwa na maana. Kama ni Wakatoliki, mnayo maneno tayari: Sala ya Ekaristi ya Nne inawaombea waliokufa katika amani ya Kristo, na pamoja nao wafu wote ambao imani yao aliijua Mungu peke yake. Babu wa mwaka 1830 anaombewa hapo, katika kila Misa inayotumia sala hiyo. Atakayenyosha mkono darasani kesho, mfungulieni Misale, kitabu cha sala za Misa, mahali hapo, asome mwenyewe.