Kidevu hakikohoi

Shikamooni wazee wangu. Wengine mmeshanisikia Ujiji, wengine Kasulu, kwa hiyo mnajua nilichokuja nacho: barakoa ya kitambaa na kirusi cha korona. Nivumilieni.

Kila ninaposimama kuna bwana mmoja huniambia: "Tabibu, kirusi ni kidogo mno. Barakoa ya kitenge ni sawa na kuzuia mbu kwa wavu wa kuvulia samaki, migebuka." Watu wanacheka, mjadala umeisha. Leo hauishi! Kirusi hakiruki peke yake, hutoka kinywani na puani kikiwa ndani ya mate na ute, matone makubwa na madogo yasiyoonekana kwa macho. Tena kitambaa hakichuji kwa matundu tu. Nyuzi zimepishana, hewa inapita ikipindapinda. Tone zito linashindwa kukata kona, linagonga uzi, linanasa. Yale madogo kabisa hutangatanga, mengine nayo huishia kwenye uzi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, lililokuwa likisitasita Aprili 2020, lilipogeuka mwezi Juni lilitaka tabaka tatu: pamba ndani, nje kitambaa kisichofyonza maji.

Sasa fundi anakushonea tabaka moja, imeoana na gauni, umependeza. Iinue juani. Mwanga ukipenya wote, hilo ni pambo. Na wewe unayeishusha ukianza kuongea, kidevu hakikohoi!

"Kwa hiyo inatukinga?" Wewe kidogo, zaidi inamkinga jirani yako dhidi yako. Wala sifichi: Bangladesh walifanya utafiti vijijini, watu zaidi ya 340,000. Barakoa za hospitali zilipunguza ugonjwa, si sana, lakini zilipunguza. Za kitambaa, matokeo hayakuwa ya uhakika. Na Vietnam, utafiti uliotoka 2015 ulionyesha wahudumu wa hospitali waliovaa za kitambaa waliugua mafua zaidi ya waliovaa za kitabibu. Basi muuguzi wa wodi ya kifua kikuu msimpe kitenge, jamani. Cha kwako ni cha sokoni na kwenye daladala, pale ambapo huna kingine.

Nilitaka tuongee kuhusu hewa ndani ya behewa, safari nzima mpaka Tabora madirisha yamefungwa, lakini mwenyekiti anatazama saa. Fungueni madirisha. Barakoa ifuliwe kwa sabuni kila siku, ianikwe juani, ikilowa ibadilishwe. Mtoto wa chini ya miaka 2 asivishwe, anaweza kukosa pumzi. Haya, maswali.