Jenereta ya Kubebwa katika Mashua ya Tanga: Moshi, Mkondo na Betri

Ndugu manahodha, ndugu mabaharia, na nyote mnaolala majini,

Nimeombwa nizungumzie matumizi ya jenereta ndogo ya petroli katika mashua ya tanga. Nitaanza na jambo ambalo wengi huliweka mwisho, yaani moshi wake, kwa sababu mengine tukiyakosea tutapata hasara ya fedha au mafuta, lakini hili tukilikosea tutazika watu.

Moshi wa injini ya petroli una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Anayeivuta huumwa na kichwa, huona kizunguzungu, huingiwa na kigegezi na kuishiwa nguvu. Hapo ndipo penye hatari ya pekee kwetu sisi watu wa bahari, kwa kuwa dalili hizo ndizo za mtu aliyelewa bahari, naye aliyelewa bahari mara nyingi tunamwambia ashuke chumbani akajinyooshe, na huko chumbani ndiko gesi ilikojikusanya.

Wengi hujibu kwamba wao huiweka jenereta tezini, yaani sehemu ya nyuma ya mashua, na kwamba mashua iliyotia nanga huelekeza omo, yaani sehemu yake ya mbele, kwenye upepo, basi moshi huenda zake nyuma. Hoja hiyo ni sahihi pale ambapo upepo peke yake ndio unaoigeuza mashua. Lakini chukueni mlango wa bahari wa Lamu, kati ya kijiji cha Shela na kisiwa cha Manda, wakati wa kusi, yaani upepo wa msimu utokao kusini. Maji yakijaa, mkondo huingia kutoka baharini ukifuatana na upepo, na mashua hutulia omo likiwa limeelekea kusini. Maji yakianza kupwa, hasa nyakati za bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mkondo unaotoka huwa na nguvu ya kuigeuza mashua hata upepo ukaipiga kwa tezi. Aliyewasha jenereta wakati wa magharibi, maji yakiwa bado yanajaa, anaweza kula chakula chake kwa salama. Kisha maji yakageuka, mashua ikazunguka taratibu bila yeye kuhisi, na moshi ule ule uliokuwa ukienda nyuma ukawa unaingia kwa mlango wa chumba.

Kwa hiyo nahodha aangalie saa ya kujaa na kupwa kabla ya kuvuta kamba ya kuwashia, na pawepo mtu macho juu ya sitaha muda wote injini inaponguruma. Mlango na madirisha ya upande wa jenereta yafungwe. Jenereta isiwashwe kamwe ndani ya chumba, wala chini ya turubai la kivuli, kwa sababu turubai lenye pembe zilizoshuka huuzuia moshi usipae. Bahari ikiwa shwari kabisa, pasipo upepo, moshi huizunguka mashua na kubaki hapo. Usiku wa namna hiyo mimi ningeacha kuwasha. Pia wekeni kengele ya kugundua gesi hiyo mahali watu wanapolala, mkikumbuka kwamba kengele ya kawaida ya moshi haiitambui.

Sasa tuangalie kama saa nyingi za kuwasha zinahitajika. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 100, ya aina ya risasi na asidi, haifai kutumiwa kupita nusu yake. Chaja ya ampea 20 huifikisha kutoka nusu hadi asilimia 80 kwa muda wa saa moja na nusu hadi mbili. Baada ya hapo betri yenyewe hupokea umeme kidogo kidogo, na asilimia 20 iliyobaki huchukua saa kadhaa. Chaja hiyo hula takriban wati 300 tu. Aliyenunua jenereta ya wati 2,000, yenye uzito wa kilo 20 na zaidi, hajazi betri yake upesi kuliko mwenye ile ya wati 1,000 yenye kilo 13, kwa kuwa kinachoamua ni chaja. Naona ni busara jenereta ifanye kazi ile ya mwanzo, kisha sola imalizie mchana: paneli ya wati 100 katika jua la pwani yetu hutoa wati-saa 400 hivi kwa siku, na taa ya nanga ya LED hula chini ya 40 usiku kucha.

Msiwashe jenereta mkiwa mnasafiri kwa tanga. Mashua ikilala upande, oili huhama na injini hujizima yenyewe, au, kama haina kinga hiyo, husagika.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kutuama ngamani, yaani chini kabisa ndani ya mashua, ambako cheche moja ya swichi inatosha kuulipua. Dumu likae nje juu ya sitaha, na tangi lijazwe injini ikiwa imepoa, ikiwezekana mkiwa pwani. Waya wa volti 230 upite kwenye swichi ya kinga inayokata umeme unapovuja, maana maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi.

Mkimkuta mtu amelegea chumbani, zimeni injini, fungueni kila mlango, mtoeni nje, mpelekeni hospitali apewe oksijeni. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya gesi hutoka mwilini kwa saa nne hadi sita; kwa oksijeni ni takriban saa moja na nusu. Mwambieni daktari waziwazi kwamba palikuwa na jenereta, kwa sababu kile kipimo cha kubana kidoleni hakiwezi kuitenga gesi hii na oksijeni, na kinaweza kuonyesha kwamba mgonjwa hana tatizo.