Nyamaza Kwanza, Tukupime

ATIENO: Karibuni tena kwenye kipindi, tuko Kisumu, na joto ni lile lile. Wafula, hebu wasimulie wasikilizaji mambo ya Jumapili. Mimi niliyasikia kwa simu nikiwa kwenye tuktuk, nikakasirika hadi dereva akaniuliza kama nimeibiwa.

WAFULA: Ulikasirika wewe, na aliyeambiwa anakufa ni mimi?

ATIENO: Hakuna aliyekwambia unakufa. Simulia.

WAFULA: Jumapili nilikuwa soko la Kibuye. Mnajua Kibuye ya Jumapili inavyokuwa, mitumba imetandazwa hadi barabarani. Nilikuwa nimenunua kiti cha mbao, nimekibeba begani, jua la saa saba. Nikaona hema, vijana wamevaa fulana nyeupe. "Mzee, njoo upimwe presha, ni bure." Nikaketi kwenye benchi. Kijana akanifunga ule mkanda juu ya shati la mikono mirefu, mkono wangu unaning'inia hivi. Akaanza kuniuliza jina, mtaa, namba ya simu, na mimi najibu. Mashine ikalia. 164 kwa 98.

ATIENO: Endelea.

WAFULA: Akaandika kwenye kikaratasi kwa kalamu nyekundu. "Mzee, hali ni mbaya, wahi hospitali." Halafu akamwita mwingine. Basi. Atieno, unajua baba yangu alivyoanguka Bungoma. Hakuumwa na kichwa, hakuwa na kizunguzungu, alikuwa anafunga ng'ombe. Kiharusi kikamchukua mkono na maneno. Usiku ule wa Jumapili nililala nausikiliza moyo wangu.

ATIENO: Pole sana, ndugu yangu.

WAFULA: Jumatatu asubuhi nikaenda dispensari. Nesi, mama wa makamo, hakunigusa kwanza. Akaniuliza kama nimekunywa kahawa, nikasema hapana. Kama nimeenda haja ndogo. Nikaenda. Akaniketisha kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote chini, mkono akauweka juu ya meza, sawa na kifua. Akasema, "Sasa nyamaza." Nikanyamaza dakika tano nzima. Akapima, akasubiri kidogo, akapima tena. 138 kwa 86.

ATIENO: Na hapo ndipo aliponipigia simu akiimba.

WAFULA: Kwa nini nisiimbe?

ATIENO: Kwa sababu 138 si wimbo! Presha ya juu inahesabiwa kuanzia 140 kwa 90. Wewe umesimama mlangoni, na baba yako alipata kiharusi. Yule nesi alikwambia nini cha mwisho?

WAFULA: Nirudi baada ya muda apime tena. Nipunguze chumvi.

ATIENO: Umepunguza?

WAFULA: Nimeanza.

ATIENO: Kwa siku nzima isizidi gramu tano, kama kijiko kimoja kidogo cha chai, na hapo umehesabu ya mboga, ya samaki wa kukaushwa na ile unayonyunyiza mezani kabla hujaonja. Sasa wasikilizaji, leo nimekuja na mashine yangu. Ile ya mkono wa juu. Wafula, weka mkono mezani.

WAFULA: Hewani?

ATIENO: Hewani. Kunja shati. Si hivyo, vua kabisa huo upande, ukikunja shati linakubana. Haya. Nyamaza dakika tano.

WAFULA: Atieno, hiki ni kipindi cha mazungumzo. Tukinyamaza dakika tano watu watadhani simu zao zimeharibika.

ATIENO: Mimi nitazungumza. Wewe nyamaza. Wasikilizaji, alichokisema kuhusu mkono si maneno ya bure. Mwaka 2024 watafiti wa Johns Hopkins kule Marekani walipima watu wale wale, mkono ukiwa umekaa kwa njia tofauti. Mkono ukining'inia, namba ya juu ilizidi kwa 6.5 hivi. Ukiwekwa mapajani, karibu nne.

WAFULA: Ndiyo maana nasema lile hema...

ATIENO: Umeongea. Tunaanza upya.

WAFULA: Lakini ni jambo la msingi! Mkono ulining'inia, mkanda juu ya shati, benchi halina egemeo, mdomo unajibu maswali, na nimetoka kubeba kiti juani. Hiyo 164 ni ya nani?

ATIENO: Tunaanza upya, Wafula.

WAFULA: Sawa, sawa.

ATIENO: Egemea. Usipishanishe miguu. Na mkanda ukiwa mdogo kuliko mkono, namba inapanda pia. Mtu mwenye mkono mnene aulize kama wana mkanda mkubwa. Usione haya, uliza.

WAFULA: Kijana wa hema alikuwa na mkanda mmoja tu kwa...

ATIENO: Wafula!

WAFULA: Siwezi kunyamaza kwa hili. Nisikilize. Mtu akitishwa sokoni namna ile anafanya nini? Wengine hawaendi dispensari. Wanapita palepale Kibuye kwa muuza mitishamba. Au wanaomba vidonge vya jirani. Kipimo kibaya kinamfanya mtu ameze dawa isiyo yake. Heri wasipime kabisa kuliko kupima vile.

ATIENO: Hapo ndipo niliponunia kwenye tuktuk. "Heri wasipime." Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima Kenya hawajawahi kupimwa presha. Hata mara moja! Na presha haina kengele, umesema mwenyewe, mzee wako alikuwa anafunga ng'ombe. Nenda Dunga, umwangalie mvuvi. Usiku yuko ziwani, asubuhi anauza, mchana amelala. Dispensari iko wazi wakati yeye amelala. Atapimwa wapi kama si kwenye hema?

WAFULA: Apelekewe huduma hapo Dunga, lakini ipelekwe na kiti chenye egemeo na meza. Meza inagharimu nini?

ATIENO: Na foleni ya watu sitini, kila mmoja akae kimya dakika tano? Watakwenda zao. Wewe mwenyewe huwezi kunyamaza studio yenye feni.

WAFULA: Basi wapimwe kumi vizuri.

ATIENO: Na wale hamsini? Hema ni la kumshtua mtu aende akapimwe sawasawa. Lilikushtua, ukaenda. Bila kijana wa kalamu nyekundu usingejua kwamba uko 138. Umepita miaka arobaini, ulikuwa umepimwa lini?

WAFULA: Nilienda kwa sababu nina Atieno wa kunipigia kelele. Wangapi wanaye? Mtu anayeandika "hali ni mbaya" halafu anaita mwingine amemtupa mgonjwa. Angesema, "Namba iko juu, pumzika pale kivulini, nitakupima tena," ningemshukuru hadi leo.

ATIENO: Hilo la kupima tena nakubali. Hilo la heri wasipime sikubali, na sitakubali.

WAFULA: Na mimi silirudishi.

ATIENO: Haya, mashine imewashwa. 146 kwa 90.

WAFULA: Unaona! Kwa sababu naongea.

ATIENO: Au kwa sababu ndiyo yako. Hatuwezi kujua, hujanyamaza. Nunua mashine, pima nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki moja, uandike, umpelekee nesi daftari. Ya nyumbani mpaka wake ni 135 kwa 85, uko chini kidogo kuliko wa kliniki. Kama huna pesa ya mashine, mtafute mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako. Tangu mwaka 2023 waligawiwa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari.

WAFULA: Na anakuja nyumbani, kwenye kiti chako. Hilo ndilo nalitaka.

ATIENO: Fundi wa mitambo anaonyesha vidole viwili.

WAFULA: Dakika mbili? Na tulisema leo ni sukari, macho, figo...

ATIENO: Karatasi yote iko hapa, hatujagusa hata mstari. Niseme hili moja. Akina mama, saratani ya mlango wa kizazi huanza taratibu kwa miaka mingi, kwa hiyo ukipimwa mapema mabadiliko yanatibiwa kabla hayajawa saratani. Shirika la Afya Duniani linasema anza ukifika miaka 30, na kama unaishi na virusi vya Ukimwi, anza ukiwa na 25. Msingoje kutoka damu.

WAFULA: Na wanaume tukipita sokoni tuulize kiti.

ATIENO: Wakipita sokoni waketi wapimwe, kiti kiwepo kisiwepo.

WAFULA: Kiti, Atieno.

ATIENO: Muda umekwisha. Sukari ni wiki ijayo, na tutakuwa na nesi hapa studio, muulizeni yeye habari za hema. Kwaherini.