Gauni Langu la Harusi Linaondoka Jumamosi

NEEMA: Karibuni, wasikilizaji wetu wa Goma na popote mlipo. Yaya Furaha, dada yetu mkubwa, leo ameingia na furushi kubwa la kitenge, na mimi najua kilichomo. Yaya, umeamua kweli?

FURAHA: Nimeamua, mdogo wangu. Ni gauni langu la harusi. Nimeliuza kwa binti mmoja, Jumamosi linaondoka.

NEEMA: Waambie kwanza ulilipata wapi.

FURAHA: Kwenye chaguwa, nguo za mitumba, soko la Virunga hapa Goma, mwaka 2016. Mama mmoja alikuwa ndiyo kwanza anafungua balo, likatoka limekunjamana kama karatasi. Nikalipa dola 40. Nilipofika nyumbani nikaligeuza, na kwa ndani ndipo nilipolipenda. Kiunoni kulikuwa na mshono wa mkono, uzi wa rangi ya maziwa, midogo midogo, kazi ya mtu mwenye subira. Kuna mwanamke huko lilikotoka alilipunguza ili limkae. Mimi likanibana, fundi wangu akalifungua palepale, akashona upya kwa uzi mweupe kabisa. Ukilitazama kwa ndani unatuona wote wawili.

NEEMA: Kuna wasichana wanaona haya kuvaa gauni lililokwisha kuvaliwa.

FURAHA: Nawasikia, ila sikubaliani nao. Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa tarehe 10 Februari 1840, na yeye ndiye aliyefanya gauni jeupe lipendwe sana. Dantela, yaani lesi, ya harusi yake aliivaa tena na tena, miaka mingi baadaye! Na hapa kwetu? Siku ya mahari unavaa kitenge, komini, kwa ndoa ya serikali, unavaa nguo nyingine, hili jeupe linatumika saa chache tu, kanisani na ukumbini. Kuliacha lioze sandukuni kunaniuma.

NEEMA: Lakini la kwako halikukaa sandukuni. Simulia ya 2021.

FURAHA: (kimya kidogo) Volkano ya Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22 Mei. Siku za kwanza sisi tulibaki. Tarehe 27 tukaambiwa mitaa mingi ya mji ihame, tukashika njia ya Sake. Mtoto mgongoni, furushi kichwani, na ndani ya furushi gauni. Jirani akaniuliza, «Sufuria umeacha, hilo umelibebea nini?» Sikuwa na jibu. Usiku tulilala juu yake, mimi na mtoto. Ndiyo maana pindo lina kijivu hiki, ona. Vumbi la mawe ya volkano likishaingia kwenye kitambaa cha tuli halitoki lote.

NEEMA: Na mnunuzi anajua?

FURAHA: Nilimwambia kabla hajalishika. Nikamwonyesha pindo, nikamwonyesha na doa hili la manjano kifuani. Hii ni soda nyeupe. Siku ya harusi haikuonekana hata kidogo! Sukari inakauka bila rangi, halafu inageuka manjano polepole. Kwa hiyo mabibi harusi, lifuliwe mapema, hata mkiliona safi. Na javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, nawaomba, msitie. Poliesta inageuka manjano, hariri inaharibika kabisa. Kama hujui kitambaa, chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, uuchome. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu, hariri inanuka kama nywele zilizoungua. Na msifungie kwenye plastiki, inashika unyevu. Mimi nimelifunga kwenye kitenge cha pamba tu, miaka yote.

NEEMA: Ungelikodisha ungepata zaidi.

FURAHA: Kila Jumamosi mtu mwingine, kweli. Lakini gauni la kukodi linafuliwa mbiombio, zipu inavutwa na kila mkono. Hili lisingemaliza mwaka. Nikamwambia dola 50. Akaniletea 30, iliyobaki ataleta baada ya wiki mbili, na katika hizo 30 noti ya 20 ilikuwa imechanika kidogo pembeni. Unajua noti kama hiyo hapa mjini, kila unayempa anakurudishia.

NEEMA: Hata kwa shimo la sindano.

FURAHA: Nikaipokea. Mabenki ya hapa Goma yalipofungwa mwanzoni mwa 2025 nimeona harusi ngapi zikiahirishwa, Neema? Huyu binti na mchumba wake wamekusanya kidogo kidogo, mkononi. Alipolivaa mbele ya kioo changu, mama yake akapiga vigelegele peke yake, mchana kweupe, hadi majirani wakatoka nje kuuliza kuna nini. Hapo nikajua limepata mtu.

NEEMA: Limemkaa?

FURAHA: Limempwaya kiunoni. Fundi wake atalipunguza tena, pale pale alipolipunguza yule wa kwanza.

NEEMA: Na shela?

FURAHA: Shela siuzi. Niliwafunika nayo watoto wangu wawili siku ya ubatizo wao.

NEEMA: Sasa yaya, aende kanisani kichwa kitupu?

FURAHA: Hapana, nitamwazima. Jumatatu baada ya harusi anirudishie. Akichelewa nitapita kwake, mtaa wa Katindo, tutakunywa chai, nami nitaligeuza gauni nione fundi wake ametumia uzi gani.