Maua Hayataki Mbolea

Ahsante, mwenyekiti. Wengine mmeshanisikia nikiyasema haya. Pale nyuma naona mmoja ameanza kusinzia mapema. Nitarudia, kwa sababu kila mvua zikikaribia naulizwa lilelile: "Mwalimu, tupande mbegu gani maua yarudi bondeni?" Nami nauliza: bonde hilo limelishwa mbolea kiasi gani?

Maua ya uwandani hayataki shibe. Uingereza, pale kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, kuna jaribio lililoanza 1856, mwaka aliofariki Seyyid Said wa Zanzibar, na mpaka leo linaendelea. Konde la nyasi limegawanywa vipande. Vipande visivyotiwa mbolea vina aina zaidi ya thelathini za mimea. Jirani yao, kilicholishwa mbolea ya salfeti ya amonia miaka yote bila chokaa, kimebaki na aina mbili tatu tu. Hakuna aliyeyapulizia maua sumu. Mbolea imeutia udongo asidi na kunenepesha nyasi chache, zimeyafunika mengine, basi.

Wakulima wa kule walikuwa wakizikata nyasi hizo mara moja kwa mwaka, wanazianika, wanazihifadhi kwa ng'ombe wa wakati wa baridi. Kila walichobeba kilipunguza rutuba kidogo. Walikuwa wakilea maua bila kujua. Kisha vita, hofu ya njaa, jembe, mbolea za viwandani. Kati ya miaka ya 1930 na ya 1980, England na Wales zilipoteza takriban asilimia 97 ya nyanda hizo za maua.

Sasa wanazirudishaje? Wanakata na kuzoa mpaka udongo ukonde, halafu wanapanda, shikeni viti, ndugu yake kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mtama na mahindi.

Msicheke. Nilipolisema hili mara ya kwanza, kijijini huko Newala, mzee mmoja alisimama. "Mwalimu, kiduha kimenilia mtama tangu sijaoa, leo unaniambia Mzungu anakinunua dukani?" Akavaa kofia, akatoka. Nikaacha mkutano nikamfuata mpaka chini ya mwembe. Nikamwambia, si kilekile, ni wa ukoo mmoja. Huyo wa kwao ana ua la njano, na akikauka mbegu zinalia ndani ya ganda kama kayamba. Mkulima akisikia mlio huo anajua nyasi zimefika kukatwa. Mizizi yake inanyonya mizizi ya nyasi, na nyasi zikilegea maua mengine yanapata nafasi. Ni mwizi, mzee wangu, ila anamwibia tajiri.

Mzee akatafakari, akauliza swali ambalo wasomi hawajawahi kuniuliza: "Na akizidi?" Hapo ndipo tofauti ilipo. Mbegu ya huyo haioti mpaka ipigwe na baridi ya miezi, na udongoni haidumu. Ukimkata kabla hajazaa, baada ya muda mfupi hayupo. Kiduha chetu mbegu zake hulala miaka zaidi ya kumi zikikusubiri upande mahindi. Kwa hiyo asitoke mtu hapa akaenda kupanda kiduha, akisema nimemtuma mimi!

Mtasema hayo ni ya Wazungu, sisi tuna korosho, na mashamba pori yanatuletea ugonjwa wa ubwiri unga. Nani amesema msifyeke chini ya mikorosho? Fyekeni. Mimi nasema mbuga za bondeni na pembezoni, zile mnazoziita "pori tu". Waliokuja Nachingwea enzi za ukoloni na mpango wa mashamba makubwa ya karanga nao waliona pori tu. Mwaka 1951 Waingereza wakauacha mpango wenyewe, na reli waliyoijenga kutoka Mtwara ikaja kung'olewa.

Tena mkorosho unachavushwa na wadudu. Unachanua miezi michache ya kiangazi. Miezi iliyobaki nyuki wale nini, salfa mnayopulizia mikorosho?

Na mimea yetu mingi ya mbugani haitegemei mbegu peke yake. Lile ua jekundu la mviringo, kama brashi ya kusugulia chupa, linalochomoza mvua za kwanza, limekaa juu ya kitunguu chini ya ardhi. Ukipitisha trekta upande ufuta, kitunguu kimekatika, na mbegu yake hamtaipata kwenye duka lolote la pembejeo. Mwingereza anaweza kuanza upya na mfuko wa mbegu. Sisi tuliache lililopo.

Kuhusu moto: kama lazima uchome, choma mapema, majani yakiwa bado na umaji. Moto wa Septemba ni tanuri. Nilikuwa na la kampeni za kupanda miti mbugani, lakini mwenyekiti ameshatazama saa mara tatu. Mbuga si msitu uliokatwa, niishie hapo.

Maswali. Mzee wangu wa Newala, naona leo umekuja, na kofia umeivua. Anza wewe.