Charlotte Canning, mke wa mtawala wa India

Mabibi na mabwana,

Tarehe 2 Aprili 1861, Lord Canning, aliyeitawala India kwa niaba ya Malkia wa Uingereza, alitoa uamuzi ulioitenga Zanzibar na Oman: Sayyid Majid akabaki na Unguja, nduguye Thuwaini akabaki na Muscat, na Zanzibar ikatakiwa kuilipa Muscat reale 40,000 kila mwaka. Jina la bwana huyo tunalijua katika historia yetu. Jioni hii naomba tumtazame mkewe, Charlotte, ambaye wakati huo alikuwa amebakiwa na miezi saba tu ya kuishi.

Alizaliwa Paris mwaka 1817, baba yake akiwa balozi wa Uingereza nchini Ufaransa, akaolewa mwaka 1835, na kuanzia mwaka 1842 akawa miongoni mwa mabibi waliomhudumia Malkia Victoria. Walipofika Calcutta (leo Kolkata), makao makuu ya Waingereza nchini India, mwanzoni mwa 1856, hakuwa na mtoto wa kulea wala kazi ya kufanya, kwa kuwa watumishi walijaa kila pembe ya ikulu, na mumewe alishinda na karatasi zake. Faraja yake ilikuwa Barrackpore, karibu na Calcutta, katika nyumba ya mapumziko kando ya mto Hooghly, ambako alipanga bustani na kuchora kwa rangi za maji. Takriban michoro 350 aliyoifanya India imehifadhiwa katika makumbusho ya Victoria and Albert, London.

Ni Barrackpore hiyohiyo ambako mnamo Machi 1857 askari wa Kihindi, Mangal Pandey, aliwashambulia maofisa wake wa Kiingereza, akanyongwa mwezi uliofuata. Mwezi Mei uasi wa askari wa Kihindi dhidi ya Waingereza ukalipuka Meerut, ukaenea sehemu kubwa ya kaskazini mwa India. Wazungu wa Calcutta walidai damu, na Canning alipokataa kuwaadhibu watu pasipo kuwapambanua, walimbandika jina la dhihaka la "Canning Mwenye Huruma". Hapa ndipo ninapomheshimu sana Charlotte. Magazeti yalikuwa yakisimulia jinsi wanawake wa Kiingereza walivyovunjiwa heshima kabla ya kuuawa; yeye alimwandikia Malkia kwamba mauaji yalikuwa ya kweli, lakini visa hivyo vingine havikuwa na ushahidi wa kuaminika. Sisemi kwamba aliupinga ukoloni, maana hakuupinga. Ila katika mji uliopandwa na hasira, aliuliza nani ameona, na jibu lake akalifikisha mahali ambako lingesikilizwa.

Mwaka 1861, mumewe akikaribia kumaliza muda wake, Charlotte alisafiri hadi Darjeeling kuiona milima. Wakati wa kurudi alipita Terai, nyanda zenye majimaji chini ya milima hiyo, akapata malaria, akafariki Calcutta tarehe 18 Novemba akiwa na umri wa miaka 44. Alizikwa Barrackpore, katika bustani yake. Mumewe alirudi Uingereza, naye akafariki Juni 1862.

Wabengali wana kitamutamu kiitwacho ledikeni: maziwa yaliyokatwa hukamuliwa maji, hukandwa na unga kidogo, hufinyangwa viduara, hukaangwa mpaka vikawa vyekundu, kisha hutoswa katika shira kama tufanyavyo kaimati. Jina hilo ni "Lady Canning" lililolainishwa na ndimi za Kibengali, na wauza vitamutamu wa Kolkata bado wanalitaja kila siku.